Risala ya Wakulima wa Mrima: Tupimiwe Udongo na Mboga Kabla Kilima Hakijaguswa



Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tunaosimama mbele yenu ni wakulima wa vijiji vinavyokizunguka Kilima cha Mrima, hapa Kwale. Tunalima mahindi, mihogo na kunde. Tuna mikorosho na minazi tuliyoachiwa na wazee wetu. Mboga za majani ni kazi ya akina mama hasa: mchicha, kisamvu, mchunga, matembele, majani ya kunde. Mboga hizo huliwa kwanza majumbani mwetu, zinazobaki zikauzwa Lunga Lunga na Msambweni, na mvua ikiwa njema zikafika hadi soko la Kongowea, Mombasa. Risala hii inahusu udongo unaozizaa.

Mheshimiwa, udongo huu una mionzi ya asili iliyo mingi kuliko kawaida. Wataalamu wamelijua jambo hili tangu kabla wengi wa vijana walioketi hapa hawajazaliwa. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuja kutusomea barazani, kwa Kiswahili au kwa Kidigo, ni kiasi gani cha mionzi hiyo kinachoingia katika mboga tunayowapa watoto wetu. Hilo ndilo lalamiko letu, na madai yetu yote yanatoka hapo.

Tuanze na yanayojulikana, ili asije mtu akasema tumekuja na maneno ya vijiweni. Kilima cha Mrima ni mabaki ya mwamba wa kaboneti uliopanda ukiwa moto kutoka chini sana ardhini, ukaja na niobiamu, madini adimu na thoriamu. Mvua za miaka isiyohesabika zimeumung'unya mwamba huo ukawa udongo, na thoriamu, kwa kuwa haiyeyuki kirahisi, ikabaki humo humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipima udongo wa eneo hili na kukuta wastani wa takriban bekereli 500 za thoriamu katika kila kilo, wakati wastani wa dunia unaotumiwa kulinganisha ni 45. Urani ilikuwa takriban 207, na wastani wa dunia ni 33. Potasiamu yenye mionzi, ambayo imo katika kila udongo na katika mwili wa kila mmoja wetu, ilikuwa kama 805, karibu mara mbili ya kawaida. Bekereli moja maana yake ni chembe moja inayovunjika na kutoa mionzi katika kila sekunde. Mionzi iliyokadiriwa kufika hewani kutoka katika udongo huo ilikuwa takriban nanogrei 440 kwa saa, na wastani wa dunia ni 60. Nayo thoriamu haina dalili ya kuisha: huchukua miaka bilioni 14 kupungua kufikia nusu yake.

Hizo ndizo hesabu za udongo. Lakini sisi hatuli udongo, au tuseme hatukusudii kuula, na hapo ndipo maswali yetu yanapoanzia.

Vijana wetu waliosoma sayansi wametueleza kwamba thoriamu hung'ang'ania chembe za udongo, na mizizi huivuta kidogo mno. Hata mtu akiimeza, karibu yote hutoka na choo. Radiamu, ambayo huzaliwa urani na thoriamu zinapovunjika, ina tabia nyingine. Inafanana na kalsiamu, kwa hiyo mmea huipokea, na mtu akiila mwili huipeleka mifupani, kule kule unakopeleka kalsiamu. Radiamu inayotokana na urani huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mtoto anayekua, ambaye mifupa yake bado inajengwa, ndiye anayeihifadhi zaidi. Kwa hiyo kipimo cha thoriamu ya udongo peke yake hakitujibu. Tunataka kujua radiamu iliyomo katika jani la kisamvu, katika punje ya kunde na katika muhogo uliokwisha kumenywa, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyokula.

Kuna njia nyingine ambayo mtaalamu aliyekaa mjini huenda asiifikirie. Njooni bustanini asubuhi baada ya mvua kubwa ya masika. Mchicha wetu ni mfupi, majani yake ya chini yanakaribia kugusa tuta. Matone ya mvua yamerusha udongo hadi upande wa chini wa majani, na jua likitoka udongo huo hukauka ukawa ganda jekundu jembamba, hasa pale jani linapoungana na shina. Mama huchuma, akakung'uta, akafunga fungu kwa kamba ya mgomba na kulilaza kwenye beseni. Jikoni fungu hilo huoshwa maji mamoja. Linastahili maji matatu, na hakuna mama hapa asiyejua hivyo. Lakini aliyebeba dumu kichwani kutoka kisimani tangu alfajiri hawezi kumwaga maji matatu kwa fungu moja la mchicha na watoto hawajaoga. Basi ile thoriamu ambayo mizizi ilikataa kuivuta inafika sahanini juu ya jani, ndani ya ganda la udongo.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, dai la maji ya bomba ambalo tumelisema miaka mingi ni sehemu ya risala hii ya mionzi. Katika vijiji vingine maji mengi ni nafuu kwa akina mama. Huku kwetu ni nafuu na ni kinga pia.

Na watoto? Mtoto akienda shamba na mamaye hung'oa muhogo mchanga, akaupangusa kwa nguo na kuula palepale. Tena wapo wajawazito wanaokula udongo, jambo ambalo limeenea pwani yetu yote na ambalo hatuna sababu ya kulionea haya, kwa sababu mwili wa mjamzito una matamanio yake. Kwingine mganga wa kliniki humkanya mama kwa kuogopa minyoo. Hapa tunataka afahamishwe na wahudumu wa afya kwamba udongo wa Mrima una jambo la ziada, aambiwe kwa upole na kwa faragha, asiaibishwe mbele ya foleni.

Kuhusu nyumba tutasema machache, ingawa pengine hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi. Nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo, na udongo wenyewe huchimbwa papo hapo kiwanjani. Urani ikiendelea kuvunjika hutoa gesi ya radoni. Thoriamu nayo hutoa gesi ya jamii hiyohiyo iitwayo thoroni. Thoroni hupungua nusu kwa chini ya dakika moja, kwa hiyo haiwezi kusafiri mbali, lakini mtu aliyelaza mkeka wake kando ya ukuta wa udongo hana umbali wa kumkinga. Shirika la Afya Duniani linasema radoni ni miongoni mwa sababu kuu za saratani ya mapafu, ikiifuata sigara, na kwamba mvutaji wa sigara anayeishi ndani ya radoni yuko hatarini mara nyingi zaidi ya asiyevuta. Watafiti walikwisha kupima gesi hizi ndani ya nyumba za udongo za Mrima, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitaalamu la ng'ambo. Tunaishukuru kazi hiyo. Lakini jarida hilo halifiki kijijini, na mwenye nyumba hajasomewa lililomo.

Hatulaumu elimu. Wanafunzi wa vyuo wamekuja hapa na majembe madogo, wakajaza udongo katika mifuko ya plastiki, wakaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, nasi tukawaonyesha njia, tukawapa madafu na vijana wa kuwabebea mizigo. Kila mara tuliambiwa majibu yatarudi. Tulichopata ni kusikia kwa mbali kwamba fulani amehitimu. Mgeni akichota udongo shambani kwa mtu akaenda kuupima, halafu asirudi kumwambia mwenye shamba alichokiona, hajamtendea haki. Nao waliotoa vibali vya utafiti huo walipaswa kuweka sharti la kurudisha majibu.

Mheshimiwa, hatukuja kutia watu hofu. Tunajua Mrima si mahali pekee pa namna hii. Iko Ramsar nchini Iran, iko Yangjiang nchini China, na iko pwani ya Kerala nchini India, ambako mchanga wa ufukweni una thoriamu nyingi na watu wameishi juu yake vizazi na vizazi. Huko Kerala, katika eneo la Karunagappally, watafiti waliwafuatilia watu takriban 70,000 kwa zaidi ya miaka kumi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuonyesha ongezeko la saratani lililosababishwa na mionzi ya ardhini. Habari hiyo inatupa faraja. Lakini tazameni kilichowawezesha watu wa Kerala kuipata: walikuwa na daftari la saratani tangu mwaka 1990, wagonjwa wakaandikwa mmoja mmoja, na nyumba zikapimwa moja moja. Mtu wao akiuliza, lipo la kumjibu. Kwetu, mtu akiugua saratani hupelekwa Mombasa au Nairobi, na akifariki hurudishwa kuzikwa kando ya nyumba yake. Kijijini hakuna daftari linaloonyesha aliishi nyumba ya aina gani, alikula nini, alivuta sigara au hakuvuta. Hatuwezi kujifariji kwa matokeo ya Kerala kama hatuko tayari kufanya kazi ya Kerala. Tena wao wana mchanga wa pwani na vyakula vyao, na sisi tuna udongo mwekundu, kisamvu na kuta za udongo.

Kukaa bila habari nako kuna gharama yake, na sisi tunailipa sasa. Uvumi umeingia sokoni. Mama anapanga mafungu yake, mteja anauliza yametoka wapi, akisikia Mrima anayarudisha chini na kwenda meza ya pili. Wengine wamejifunza kutaja kijiji kingine. Linatuumiza hili kwa pande zote mbili: mboga ikiwa salama, tunanyimwa riziki bure, na ikiwa ina kasoro, mnunuzi wa Kongowea ana haki ya kujua sawa na sisi. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kifungu cha 42 kinatupa mazingira safi na yenye afya, na cha 35 kinatupa habari zilizo mikononi mwa serikali. Hatuombi fadhila.

Sasa tuseme juu ya madini, maana wapo wanaoamini kwamba ndiyo sababu pekee ya wakubwa kuikumbuka Mrima. Mwaka 2013 kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba kilima hiki, na mwaka huohuo leseni ikafutwa. Kesi ilikwenda hadi kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2018 Kenya ikashinda, kwa kuwa leseni ilitolewa bila kutimiza masharti ya sheria, yakiwemo ya mazingira. Thamani ya niobiamu na madini adimu yaliyomo ilikadiriwa na kampuni hiyo kuwa dola bilioni 62.4. Tangu hapo kilima hakijaacha kutupiwa macho. Tunasikia kila mara bei ya madini haya katika soko la dunia, na kilo ya niobiamu imepigiwa hesabu mpaka senti ya mwisho. Kilo ya mchicha wa Mrima bado tunaisubiri hesabu yake.

Lisikilizeni hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Mgodi ukifunguliwa utachimbua kilichofunikwa na miti na nyasi. Vumbi litaruka juu ya mashamba, na mabaki ya kusafisha madini, ambayo ndiyo yanayobaki na thoriamu, yatarundikwa mahali fulani karibu na maji. Ikiwa siku hiyo tutalalamika kwamba mionzi imeongezeka katika visima na mboga, tutajibiwa kwamba mionzi ilikuwepo tangu enzi za mababu. Jibu hilo litakuwa na ukweli ndani yake, nasi hatutakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ilikuwa kiasi gani kabla. Kipimo cha leo ndicho kitakachokuwa shahidi wetu. Bila hicho, kila uchafu wa kesho utasingiziwa asili.

Kwa hiyo tunadai kwamba pasitolewe leseni yoyote ya uchimbaji Mrima kabla udongo, maji, mboga na nyumba za vijiji vyote vinavyokizunguka kilima, pamoja na upande wa kilima jirani cha Kiruku, havijapimwa na matokeo yake kuwekwa wazi. Tunajua Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii na asilimia 20 kwa kaunti. Hatutaki kuonyeshwa asilimia hizo kama kishawishi cha kuharakisha. Kilima ni kaya pia, yaani msitu wetu mtakatifu, kina wazee wake na miiko yake, nao wazee waulizwe kwanza.

Upimaji wenyewe tunataka ufanywe na mamlaka ya serikali yenye dhamana chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, ikishirikiana na chuo kikuu cha umma, wala usifanywe na mwenye maslahi katika madini. Sampuli zichukuliwe masika na vuli, mbele ya wawakilishi wetu, na akina mama wawe nusu yao kwa kuwa ndio wanaojua bustani. Mboga ipimwe kwa namna mbili: kama inavyotoka shambani, na kama inavyotoka jikoni baada ya kuoshwa na kupikwa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili itatuambia kama kuosha kunatosha, na hilo ni jambo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya siku hiyohiyo. Kila mwenye shamba apewe majibu ya shamba lake kwa maandishi, kwa Kiswahili, yenye maneno matatu ambayo hata mzee asiyesoma atasomewa na mjukuu wake: linafaa, lifanyiwe hili, au lisipandwe mboga. Ikitokea kipande cha shamba hakifai mboga, kaunti itusaidie mbegu na miche ya mazao mengine ya kupanda hapo, na isitupe amri ya kuhama. Tumeona wenzetu wa Nguluku na Maumba walivyohamishwa kupisha mgodi wa titani. Sisi hatujaja kuomba magunia ya kuhamia.

Kuhusu nyumba, tunaomba mpango wa kuwasaidia wenye nyumba za udongo kusakafia na kupiga lipu kuta za vyumba vya kulala, na kufungua madirisha makubwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na wodi ya saratani. Zahanati zetu zipewe mhudumu aliyefundishwa mambo ya mionzi, na kaunti ianzishe daftari la saratani linaloandika kijiji cha mgonjwa. Na kama mlivyokwisha kusikia, maji ya bomba.

Lipo jingine dogo lakini tusingependa lisahauliwe. Mbolea ya fosfeti hutengenezwa kwa mawe ambayo mara nyingi yana urani. Huko Minjingu, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta mionzi ya hewani mgodini ikiwa karibu mara 28 ya wastani wa dunia. Mkulima anayetia mfuko mmoja katika ekari yake haongezi kitu kikubwa kwa msimu mmoja, na hatuwaambii watu waache mbolea. Lakini udongo ambao tayari umebeba hivi unastahili mbolea iliyopimwa, na maafisa wa kilimo watushauri kwa kuzingatia hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeuliza kwa wanaojua kazi ya maabara. Sampuli ikikaushwa na kusagwa hufungwa ndani ya chombo kisichovuja kwa takriban wiki nne, ili radoni ijijenge humo, ndipo ipimwe vizuri. Kwa hiyo hatudai majibu ya wiki moja. Tunadai jibu la maandishi la risala hii ndani ya siku 30, likituambia nani atapima na ataanza lini, na tunadai matokeo ya kwanza yasomwe katika baraza hili hili, mbele ya watu wote, ndani ya siku 90 tangu sampuli kuchukuliwa. Mboga za kupima tutazitoa bure, kilo zozote zitakazohitajika, na vijana wa kuwaongoza wataalamu shamba kwa shamba wamekwisha kujiandikisha.

Ni sisi wakulima wa vijiji vya Mrima, Kwale.